Hilo siyo limbwata, wifi!

Mwanaume akionekana jikoni na mwiko mkononi, majirani hawaulizi anapika nini. Wanauliza amelishwa nini. Nyumbani kwetu swali hilo liliulizwa na wifi yangu, tena mezani, mbele ya sahani yake ya pili.

Hakujua tulikotoka. Kaka yake alipunguzwa kazi mwaka jana, na kwa wiki kadhaa kila nikirudi ofisini usiku nilipokewa na neno moja tu: "Nimeshakula." Sufuria kavu, sinki kavu. Mtu alikuwa anashinda na chai kwa sababu aliona aibu kula chakula ambacho hakukinunua yeye. Utamwambia nini mwanaume wa namna hiyo? Ukimbembeleza, umemdharau, ukinyamaza, humjali.

Jumamosi moja akaenda bucha mwenyewe, akarudi na kilo ya nyama ya mguu, mfupa ndani. Akaniambia nikae sebuleni. Nikakaa.

Watu wengi wanaikimbia nyama ya mguu, wanataka steki. Sawa, steki ni laini, lakini kwa mchuzi ukiipika muda mrefu inakauka kama karatasi. Mguu ni msuli uliofanya kazi, umejaa kano, na hizo kano ndizo zenye siri: zikipikwa taratibu zinayeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito bila unga wala kitu kingine. Mwambie wa bucha akukatie vipande vikubwa. Vile vidogo vidogo ni vya mishikaki.

Yeye anaipaka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na limau kidogo, anaifunika ichemke kwa maji yake yenyewe. Maji yakikauka anaikaanga mpaka iwe kahawia (hapa usiwe na haraka, ladha yote iko hapa), ndipo kitunguu, nyanya, binzari nyembamba kidogo na maji ya moto. Moto mdogo, saa mbili au zaidi. Mwenye presha kuka dakika 40 zinatosha, ila sisi saa mbili tunazitaka. Ndizo tulizoanza kuongea tena, yeye anageuza nyama, mimi nachambua mchicha. Mambo ya kodi, ada, barua za maombi ya kazi zisizojibiwa. Mtu akiwa na mwiko mkononi haoni kama anahojiwa.

Viazi na karoti vinaingia dakika 20 za mwisho, la sivyo vitakuwa uji.

Pembeni ni kazi yangu. Mchicha wa nazi: tui jepesi kwanza, tui zito mwishoni, na usiufunike ukapoteza rangi. Kachumbari: kitunguu kikamuliwe kwa chumvi na kusuuzwa, nyanya zifuate, limau na pilipili wakati wa kula, siyo kabla, maana itachuja maji. Ugali tunasonga kwa zamu. Wake mgumu, wangu laini, na katika hili hakuna suluhu.

Basi wifi akala, akajiongeza, akanitazama. "Wifi, kaka yangu umemfanya nini? Kwetu huyu hata chai alikuwa anawekewa sukari!"

Mimi sikujibu. Aliyejibu yuko jikoni anasuuza sufuria: "Limbwata nimetia mimi, dada, na wewe umeshalimaliza."

Kazi ya kudumu bado hajapata, anashikashika vibarua vya miezi miwili, mitatu. Lakini "nimeshakula" sijaisikia tena. Mama mkwe anatoka Moshi mwezi ujao, na mwanawe anasema atapika mbele yake bila kujificha. Nimemwambia apike chochote anachotaka. Mtori amwachie mama.