Kidonge Kinachotoka Kizima

Mama yangu anaishi nasi hapa Jeppestown tangu Machi, na kisukari chake amekuja nacho kutoka Tanga. Kliniki ilimwandikia metformini ya kumeza mara moja tu kwa siku, jioni pamoja na chakula. Haukupita mwezi akaniita pembeni. "Mwanangu, dawa ya huku haifanyi kazi. Nakiona kidonge chooni, kizima kama nilivyokimeza." Alikuwa na mawili kichwani: kuiacha kabisa, au kuitwanga kwanza kwenye kinu.

Nilimwomba asubiri, nikaenda kuuliza duka la dawa Mtaa wa Jules. Mfamasia alinionyesha herufi XR kwenye boksi. Maana yake, dawa hiyo imetengenezwa itoke polepole, kwa saa nyingi.

Nyumbani nilimweleza Mama kwa mambo ya jikoni. Ukimwaga unga kwa pupa kwenye maji ya moto, hufanya madonge. Nje ya donge ni ute mzito, ndani unga bado mkavu, kwa sababu ute ule huzuia maji kuingia haraka. Kidonge chake ndivyo kilivyo. Kikikutana na maji ya tumboni huvimba na kuwa jeli, na dawa hupenya humo kidogo kidogo. Dawa ikiisha, jeli tupu hutoka na choo, ikiwa bado na umbo la kidonge.

Jeli ya namna hii mara nyingi hutokana na selulosi ya mimea. Ndugu yake ni wanga. Vyote viwili ni minyororo ya glukosi. Huko Kanada, kampuni ya Labopharm ilichukua wanga wa mahindi wenye amilosi nyingi, ikaiunganisha minyororo yake, ikapata Contramid, iliyotumika kutengeneza tramadoli ya kumeza mara moja kwa siku.

Mama alicheka. "Kumbe ugali ninaokatazwa unaweza kubeba dawa!"

Ndugu wasomaji, ukikisaga au kukitafuna kidonge cha aina hii, dozi ya siku nzima hutoka kwa mkupuo. Kwa metformini, tumbo litavurugika. Kwa dawa kali za maumivu kama tramadoli, mtu anaweza kufa. Mzee akishindwa kumeza, mwulizeni mfamasia kabla ya kushika kinu. Na kama dawa inafanya kazi au la, kipimo cha sukari ndicho kitakachosema, si choo.