Mgongoni mwa Paneli

Kazi yangu ya kwanza ya mkono ilikuwa kutengeneza redio mjini Njombe. Miaka hiyo vijiji vingi vya Makete na Ludewa havikuwa na nguzo hata moja ya umeme. Watu walipakia betri za gari kwenye basi, wakazileta mjini kuchajiwa, kisha wakarudi nazo kijijini kuwasha redio na taa moja. Sola ilipoanza kuingia, kwanza kwenye zahanati na nyumba za mapadri, baadaye kwa walimu na wafanyabiashara wa mbao, niliifuata huko huko milimani. Nimezeeka nayo.

Kufunga mfumo mpya hakumsumbui fundi, maana kila kifaa hununuliwa pamoja na mwenzake. Kazi inayompima huja baadaye: paneli moja imepasuliwa na mvua ya mawe au imeibwa usiku, na mwenye nyumba anatafuta nyingine ya kuziba pengo. Dukani ataulizwa, "Unataka ya wati ngapi?" Swali hilo limewapotezea watu fedha nyingi, nami nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kuwasihi wateja wasianze nalo.

Mwalimu mmoja wa Makete alikuwa na paneli mbili za wati 80, zimefungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikichaji betri ya volti 12 kupitia kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) ya aina ya PWM, ya ampea 10. Mvua ya mawe ikavunja moja. Akashuka mjini, akarudi na paneli ya wati 250.

"Fundi, safari hii nimechukua kubwa, watoto wasome mpaka usiku," akaniambia.

Niliigeuza nikasoma lebo ya mgongoni. Ilikuwa ya seli 60: Vmp, yaani volti za kufanyia kazi, 30.5, Voc, volti za paneli isiyo na mzigo, 37.6, Imp, ampea za kufanyia kazi, 8.2. Ile iliyobaki juu ya bati ilikuwa ya seli 36, yenye Vmp ya 17.5 na Imp ya 4.6.

"Mwalimu, leta daftari tupige hesabu," nikamwambia.

Kontrola ya PWM haiwezi kugeuza volti za ziada kuwa ampea. Huivuta paneli ishuke mpaka kwenye volti za betri. Betri ikiwa kwenye volti 13, ampea 8.2 ni wati 107 hivi. Zilizobaki alizilipia bure. Ampea za paneli zote mbili zikijumlishwa zinakaribia 13, na mwisho wa kontrola yake ni 10. Tena betri ikijaa na kontrola ikafunga njia, paneli yenye volti kubwa husukuma umeme ndani ya ile ndogo na kuipasha moto. Mwalimu alifunga daftari, akairudisha paneli dukani siku iliyofuata. Alibadilishiwa akapewa ya wati 100, yenye seli 36 na Vmp ya 18. Wati zilipishana na za ile ya zamani na haikudhuru kitu, kwa sababu kwenye sambamba zinazotakiwa kukaribiana ni volti, ampea hujumlishwa. Niliondoa kontrola ya ampea 10, nikaweka ya 20.

Kwenye mfululizo, yaani chanya ya paneli moja ikiungwa kwenye hasi ya nyingine, mambo hugeuka. Nyumba moja ya parokia ilikuwa na mfumo wa volti 24, paneli mbili za ampea 5.6 zimefungwa mfululizo. Moja ilipoibwa, pengo lilizibwa kwa paneli ya ampea 3.5 kwa kuwa volti zililingana. Umeme wa mfululizo hupita njia moja, na paneli hizo ni sawa na ng'ombe wawili wa nira moja: mwenye nguvu hutembea kwa mwendo wa mnyonge. Betri haikujaa hata siku za jua kali, na jokofu la dawa lililotegemea mfumo huo likasimama. Tulipoweka paneli yenye ampea zinazokaribiana na za mwenzake, jokofu likarudi kufanya kazi.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo fundi wa pwani hulisahau kwa urahisi: baridi huongeza volti. Namba za lebo zimepimwa seli zikiwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa kila nyuzi moja inayoshuka, Voc hupanda kwa takriban asilimia 0.3. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na asubuhi za Juni na Julai majani huamka meupe kwa barafu. Paneli mbili zenye Voc ya 47 zikifungwa mfululizo ni volti 94 kwenye karatasi, lakini jua la kwanza likizikuta kwenye nyuzi 0, zinavuka 100. Kontrola ya MPPT, ile inayoweza kugeuza volti za ziada kuwa ampea, ikiwa na ukomo wa volti 100 huweza kuungua asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo mimi huacha nafasi chini ya ukomo, wala sikubali kubembelezwa.

Na kabla ya kununua chochote, hakikisha paneli ya zamani imekufa kweli. Nimepanda mapaa mengi kukuta ubovu uko kwenye kiunganishi kilichoota kutu. Paneli ya seli 36 ikionyesha volti 11 badala ya 22 juani, mara nyingi diodi moja kwenye kiboksi cha nyuma imeungua na kufungia nje nusu ya seli. Diodi ni bei ndogo sana ukilinganisha na paneli.

Msomaji, ukienda dukani, nenda na picha za lebo mbili: ya paneli iliyobaki na ya kontrola. Linganisha volti kama zimefungwa sambamba, ampea kama zimefungwa mfululizo, kisha ukomo wa kontrola. Wati ziangalie mwisho. Usipopata inayooana, ifungie paneli mpya kontrola yake yenyewe, zote zichaji betri moja. Nanyi wenye maduka, kabla ya kutaja bei, muulizeni mteja ana nini juu ya bati lake.