KARATASI NILIYOFICHA



Mwaka huu niko mfinalisti wa pedagojia. Karibuni tutakaa siku nne mbele ya Ekzameni ya Leta. Lakini leo nasema zaidi na ninyi wa mwaka wa 8, kwa sababu mlango mnaoukaribia, mimi niliupita vibaya.

Wakati ule tulipewa karatasi ya kuchagua seksioni, na mzazi alipaswa kutia sahihi. Papa alikuwa amekwisha kusema mbele ya jamaa yote: "Huyu njo dokteri wetu." Kwa ajili ya neno hilo alichunga mbuzi wawili, na cherehani ya mama nayo ilihesabiwa. Mimi moyoni nilipenda kufundisha, tena marafiki zangu wote walienda pedagojia. Nikaogopa kusema. Nikaificha karatasi ndani ya kitabu, kisha nikatia sahihi ya papa kwa mkono wangu mwenyewe.

Semestri ya kwanza haijaisha, papa akajua. Hakunipiga. Alinyamaza siku tatu, na kunyamaza kule kuliniuma kuliko fimbo. Siku ya nne akanipeleka kwa baba mkubwa, ambaye ni munganga.

Pale tulijifunza sisi wawili. Kwetu kila anayevaa nguo nyeupe tunamwita munganga, basi papa alifikiri ni kazi moja. Baba mkubwa akaeleza: enfirmie wa A2 anasoma miaka minne ITM, baada ya mwaka wa 8. Akitaka A1 anaendelea ISTM. Dokteri yeye anapata kwanza diploma ya Leta, halafu anaingia iniversite, kama ile ya Lubumbashi iliyoundwa mwaka 1955, na anakaa huko si chini ya miaka sita.

Papa akauliza: "Sasa mbuzi wangu wawili watafika wapi?"

Baba mkubwa akahesabu kwa vidole: safari ya kupitia Manono, nyumba ya kupanga, chakula, vitabu, minervali ya kila mwaka. Akasema: "Ndugu yangu, mbuzi wako watamfikisha mlangoni. Ndani nani atamlisha?"

Papa akacheka kidogo, kisha akanigeukia: "Na weye, sababu gani hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Niliomba msamaha, na kesho yake tulienda pamoja kwa Prefe kuungama. Nilikata majani ya uwanja juma zima. Lakini papa mwenyewe akasema nibaki pedagojia, kwa maana sasa alijua inafika wapi: mtu anaweza kufundisha shule ya msingi, ama kuendelea ISP.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, katika Luka 14. Anakaa kwanza, anahesabu gharama. Sisi nyumbani tulitaka kujenga bila kukaa, na mimi niliiba hata nafasi ya kuhesabu.

Dada yangu mdogo yuko mwaka wa 8. Karatasi yake iko juu ya meza, kila mtu anaiona. Papa amekwisha kumpeleka kwa baba mkubwa, na kwa mwalimu mmoja pia, aulize mwenyewe. Bado hajachagua. Cherehani ya mama ingali inashona.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
Mfinalisti wa pedagojia