Kichwa cha Mtoto Kiliuma Siku za Shule Tu

Jumatatu hadi Ijumaa, binti wa darasa la tano alifika shuleni kichwa kinamuuma. Jumamosi na Jumapili alikuwa nyumbani Ihumwa, anacheza rede na wenzake mpaka magharibi, hana shida yoyote.

Wazazi wake walifikiri kama wazazi wengi wanavyofikiri. Baba alisema ni uvivu wa shule. Mama alisema labda hanywi chai vizuri asubuhi. Akapimwa macho, macho mazima. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa anywe maji mengi.

Aliyewafungua macho ni mdogo wake wa chekechea, tena bila kujua. Asubuhi moja alikataa kupanda gari. "Mama, gari yetu inanuka kama jenereta."

Gari yenyewe ni ndogo, ya mtumba kutoka Japani. Baba hufanya kazi ya zamu na mara nyingi hupanda bodaboda, kwa hiyo mama ndiye anayeendesha. Barabara ya Dodoma kwenda Morogoro ni lami nzuri, lakini kutoka lami hadi nyumbani kwao ni njia ya vumbi yenye makorongo yaliyochimbwa na mvua. Vumbi likizidi, mama hufunga vioo vyote. Yeye mwenyewe alikuwa akisikia kichwa kizito na usingizi njiani, lakini alijua sababu: anaamka saa 11 alfajiri kila siku. Angeshangaa kama asingechoka.

Siku hiyo hakupitiliza kazini. Alikwenda gereji.

Fundi aliingia chini ya gari, akatoka na jibu. Bomba la mbele la moshi, lile linaloshuka kutoka kwenye injini, lilikuwa limepasuka karibu na maungio. Huenda ni jiwe, huenda ni kutu na mtikisiko wa miaka. Moshi ulikuwa unatoka hapo, unapanda, na sehemu yake unaingia ndani kupitia njia ya hewa ya gari. Vioo vimefungwa, watoto wamekaa nyuma, safari ya kila siku.

Mzazi anapaswa kujua hili. Moshi wa gari una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Harufu inayosikika ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mwili unakosa oksijeni huku mtu anapumua kama kawaida. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Ikizidi, inaua.

Bomba lilipaswa kubadilishwa, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulianza kwenye namna ya kulibadilisha.

Ndani ya bomba hilo kulikuwa na masega, kile kifaa cha kusafisha moshi. Kabla ya masega kuna sensa moja ya oksijeni, na baada ya masega kuna nyingine. Fundi alitoa njia ya mkato inayojulikana kwenye gereji nyingi: aweke bomba tupu la kuchomelea, masega yauzwe kwa sababu yana madini ya thamani, sensa zikatwe, na taa ya injini kwenye dashibodi izimwe isisumbue. Gharama ingeshuka sana.

"Ngoja nimpigie shemeji nimweleze," fundi akasema.

Akampigia baba akiwa zamu. Kwa upande wa pili, baba alikuwa anawaza ada ya muhula. Akasikia bei ndogo, akasema sawa.

"Shemeji amekubali, dada," fundi akasema, akichukua spana.

"Fundi, shika kwanza," mama akamwambia. "Mwenye gari nimesimama hapa. Hizo sensa zinafanya kazi gani? Nieleze mimi."

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alizoea tu kwamba mambo ya gari huzungumzwa na wanaume. Akaweka spana chini, akaeleza vizuri.

Sensa ya kwanza ni pua ya gari. Inanusa moshi na kupima oksijeni iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Ile ya aina ya kawaida hutoa umeme mdogo, takriban volti 0.1 hewa ikizidi na 0.9 mafuta yakizidi. Kompyuta ya gari husoma hiyo namba na kupunguza au kuongeza petroli. Teknolojia hii si ngeni: kampuni ya Bosch na Volvo waliiweka kwenye magari ya kuuza tangu 1976. Sensa ya pili, ya nyuma ya masega, humlinda mwenzake. Inaangalia kama masega bado yanasafisha.

Mama akauliza tena: "Na bomba likipasuka kabla ya sensa?"

Hapo fundi akacheka. Bomba likipasuka kabla ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani kupitia ufa. Sensa inakuta oksijeni nyingi, inadhani petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza petroli ambayo haihitajiki. Mama akakumbuka kwamba kwa mwezi mzima mafuta yalikuwa yanaisha haraka, na nyumbani walikuwa wameshaulizana kwa sauti ya chini nani anazungusha gari bila kusema.

Akampigia mume wake mwenyewe. Hakugomba. Alimwambia mambo mawili: kwamba kichwa cha mtoto huenda ni moshi, na kwamba sensa zikikatwa, siku bomba au masega yakiharibika tena hakuna kitakachowaambia. Baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi weka lenye masega. Ada nitaongea na shule tulipe kwa awamu."

Wakatafuta bomba la mtumba lenye masega yake, la gari ya aina ile ile. Mama akakaa juu ya tairi kuukuu, akaangalia kazi.

Fundi alichomoa kwanza soketi za nyaya ili zisijisokote wakati sensa inazungushwa. Mama akamwomba aweke alama, moja "mbele", moja "nyuma", kwa sababu kwenye baadhi ya magari soketi zinaingiliana na sensa zinaweza kubadilishana nafasi. Sensa hufunguliwa bomba likiwa na uvuguvugu, si la moto wa kuunguza, kwa spana ya 22 kwa magari mengi. Ya kwanza ilitoka. Ya pili iligoma. Fundi alitaka kuilazimisha, kisha akabadili mawazo: ikikatikia ndani, watanunua mpya. Akaipulizia mafuta ya kulainisha kutu, wakaiacha mpaka kesho. Asubuhi ile watoto walikwenda shule kwa daladala, na binti akafika bila maumivu ya kichwa.

Siku ya pili sensa ilitoka salama. Fundi alizishika zote mbili kwa uangalifu, maana ndani zina kauri inayopasuka zikidondoka. Akasafisha meno ya matundu kwenye bomba jipya. Akapaka grisi maalumu ya kuhimili joto kwenye meno ya sensa tu, wala si kwenye ncha, kwa kuwa ncha ikiguswa na grisi au silikoni inaweza kufa. Akaanza kuzifunga kwa vidole, na zilipokaa sawa ndipo akatumia spana, bila kukaza kupita kiasi. Maungio yakawekwa gasketi mpya. Nyaya zikafungwa mbali na bomba zisiungue.

Kisha akawasha injini, akapitisha mkono karibu na maungio kusikiliza kama kuna moshi unaovuja, akafuta makosa ya zamani kwa mashine ya kupimia, na mama akaizungusha gari barabarani. Taa haikurudi.

Jioni ile baba alimwita binti yake pale sebuleni. "Nilisema ni uvivu," akamwambia. "Ulikuwa unasema kweli." Mtoto akachezea shati lake, akauliza kama anaweza kwenda kucheza.

Maumivu ya kichwa hayajarudi siku za shule. Na mama ameweka kanuni moja ya gari: mtoto yeyote akisema kuna harufu, vioo vinashushwa kwanza, maswali baadaye.

Kwa mzazi mwenye gari, mambo machache yanatosha. Mtoto akilalamika kichwa, uliza kinauma lini na akiwa wapi, na kama kinaambatana na gari, mweleze hivyo mganga. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Bomba la moshi likibadilishwa, hakikisha sensa zote zimerudi mahali pake na zimechomekwa. Na taa ya injini ikiwaka, usikubali izimwe kabla hujaambiwa iliwaka kwa nini.