Tulimlaza Ndugu Yetu kwa Huruma

Tunaandika haya kwa idhini ya ndugu yetu anayehusika, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Kosa tunalolieleza si lake, ni letu sisi kamati ya msikiti, na huenda misikiti mingine inalitenda hivi sasa ikidhani inafanya wema.

Ndugu huyu alikata mkonge Korogwe kwa miaka mingi. Anayeijua kazi ile anajua uzito wake: kuinama tangu alfajiri, kukata jani moja moja, kuyafunga mafungu, kisha kuyabeba begani hadi kando ya njia. Aliporejea kwao Handeni kulima mahindi, mgongo ulikuwa umekwisha kumwonya. Msimu mmoja wa palizi ukamkamata, akashindwa kuinuka shambani.

Miezi mitatu ikapita, maumivu hayakuondoka. Tukafanya tulichokiona kuwa rehema. Tukamwondolea zamu ya kuadhini na ya kufagia msikiti. Tukamnunulia godoro. Kila Ijumaa tukakusanya sadaka na kumpelekea nyumbani, tukimwambia, "Mzee, wewe lala tu, usijisumbue." Akalala. Kadiri alivyolala ndivyo alivyozidi kudhoofika, hata akaacha kuja kuswali jamaa. Maji, kuni na jembe vikabaki kwa mkewe peke yake.

Siku moja tulipompelekea bahasha hakuipokea. Alisema, "Katibu, mwanangu, mmenizika ningali hai. Ufunguo wa msikiti mmeuchukua, sasa mnaniletea rambirambi." Tulirudi kimya.

Baada ya hapo tulimpeleka Korogwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kwanza aliulizwa kuhusu dalili za hatari: ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia haja, mguu kupoteza nguvu, homa, kukonda bila sababu. Mwenye dalili hizo awahi hospitali, kwani hata kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo. Yeye hakuwa nazo. Kisha tukaelezwa jambo lililotushangaza: maumivu ya mgongo yaliyozidi miezi mitatu mara nyingi si ishara kwamba mfupa unaendelea kuharibika. Misuli isiyotumika hulegea, na hofu ya kuinama huzidisha maumivu. Tiba yake kubwa ni mazoezi, kutembea na kurudi kazini kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani, ambalo lilieleza kuwa watu milioni 619 waliumwa kiuno mwaka 2020, nalo limehimiza mazoezi katika mwongozo wake wa Desemba 2023, wala halikupendekeza mikanda ya kubana kiuno.

Kazi ikawa kwetu. Tulimrudishia ufunguo. Wiki mbili za kwanza aliadhini Alasiri peke yake, akija kwa miguu. Kisha tukaongeza Adhuhuri. Fagio la chelewa tulilifunga mpini mrefu, akafagia pasipo kuinama. Sadaka ya Ijumaa kadhaa ikanunua toroli; ndoo ya lita 20 ikageuka madumu mawili ya lita 10. Shambani alianza na nusu saa, akipumzika kabla maumivu hayajamlazimisha.

Msikitini aliswali juu ya kiti, na walikuwapo walionong'ona safuni. Tukawakumbusha alivyoelekezwa Imran bin Husayn (r.a.) na Mtume (s.a.w.) alipokuwa mgonjwa: aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa kulala ubavu. Tulipokuwa tukiwakumbusha wao, tulijikumbusha wenyewe. Mgonjwa hupunguziwa hadi kiasi anachokiweza, lakini haondolewi swala yote. Sisi katika kazi tulimwondolea yote.

Kwa walioajiriwa, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Unawahusu walioumia au kuugua kutokana na kazi, na utengamao ni miongoni mwa mafao yake. Basi mwajiri aarifiwe mapema. Lakini anayelima shamba lake mwenyewe hana mwajiri. Wa kumtengenezea njia ya kurudi ni familia yake, jirani zake na msikiti wake.

Ndugu yetu hajapona kabisa. Asubuhi za baridi hushika ukuta kabla ya kusimama, na mkonge hatakata tena. Hata hivyo msimu huu alipalilia sehemu yake na mkewe sehemu yake. Ijumaa iliyopita kapu la sadaka lilipompitia, alitia mkono mfukoni akatoa.

Tunaziomba familia na kamati zenzetu: kabla ya kumwambia mgonjwa alale, tumuulize ni kipi anachokiweza, kisha tumwachie hicho. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atusamehe pale huruma yetu ilipokosa elimu. Amin.