Sikukuu ya Paro Haimngoji Aliyelala

Msafiri atakaye kuziona sherehe za dini ya Kibudha katika milima ya Himalaya hana budi kwanza kuulizia mwandamo wa mwezi. Huko Bhutan, nchi iliyo kati ya India na China, sikukuu ya Paro hufuata kalenda ya mwezi. Mara huangukia Machi, mara Aprili. Anayekata tikiti ya ndege kabla ya kuijua tarehe hujitia hasarani, kwani tangu Septemba 2023 wageni wengi hutozwa dola 100 za Marekani kwa kila usiku.

Sherehe huchukua siku 5. Watawa waliovaa vinyago usoni hucheza ngoma za kale. Lakini kilele chake ni siku ya mwisho. Kabla ya mapambazuko hufunuliwa kitambaa kikubwa mno chenye sura ya Guru Rinpoche, mwalimu wa karne ya 8. Waumini husadiki kuwa kukitazama tu hutakasa dhambi. Kwa hiyo wazee kwa watoto hujihimu gizani, katika baridi kali.

Jua halijakigusa, kitambaa hukunjwa hadi mwaka ujao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huko Paro, sharti aamke.