Kifaa cha Mgonjwa Nacho Kina Mlango

Mwaka 2007, Dick Cheney akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, madaktari walimbadilishia kifaa kilichopandikizwa kifuani kuushtua moyo mapigo yanapovurugika. Daktari wake, Jonathan Reiner, alitaka mawasiliano yasiyotumia waya yazimwe. Alihofia mtu aliye chumba cha jirani hotelini asije akakiingilia.

Ni rahisi kudhani hayo ni mambo ya wakubwa. Lakini mwaka 2011 Jay Radcliffe, Mmarekani mwenye kisukari, alionyesha mbele ya wataalamu jijini Las Vegas kwamba pampu yake mwenyewe ya insulini ingeweza kupokea amri za mtu mwingine. Juni 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikawaonya wagonjwa kuhusu aina fulani za pampu zenye udhaifu kama huo. Ilieleza pia kuwa haikuwa na taarifa ya mgonjwa aliyedhurika.

Mashambulizi ya namna hii huja kwa sura nyingi, lakini tatu ndizo za kawaida. Kuna anayedukiza mazungumzo kati ya simu na kifaa. Kuna anayejifanya kifaa kinachofahamika, akachota majina na ujumbe au akatoa amri. Na kuna anayekisumbua kifaa kwa maombi mfululizo mpaka kigome. Mara nyingi mtu huyo yuko karibu: basi moja, au foleni moja ya kliniki.

Ndiyo maana mzazi anayefuatilia sukari ya mwanawe kwa simu afanye mambo machache. Aunganishe vifaa nyumbani, si kwenye umati. Akatae ombi la kuunganishwa asilolitambua. Akubali maboresho ya programu yanapotoka kwa mtengenezaji. Simu isiyohudumia kifaa chochote, Bluetooth yake izimwe.

Jambo moja asilifanye: kumvua mgonjwa kifaa kwa hofu. Sukari isiyopimwa huua kweli, na haihitaji mdukuzi. Mwenye wasiwasi amuulize daktari swali ambalo ni nadra kuulizwa kliniki: kifaa hiki kinazungumza na nani, na nani mwingine anaweza kukiamuru? Dawa huulizwa imetoka wapi kabla ya kumezwa. Kifaa kinachoishi mwilini kinastahili swali hilo hilo.